Moshi Kwenye Matundu ya Hewa

Mhandisi wa mitambo ya kupoza alikuwa ameomba siku moja tu. Kwa miaka mingi kituo chao cha data kilipoza seva kwa maji ya kisima kirefu, na kadiri kilivyovuta maji hayo, ndivyo visima vya majirani vilivyokauka. Yeye alitaka kuzima mashine za maji na kuvuta hewa ya nje kwa feni, ichujwe vumbi, kisha iingie ukumbini. Meneja alikubali shingo upande. Aliyekataa katakata ni msimamizi wa ukumbi wa seva, ambaye pia alikuwa wifi yake, dada wa mumewe.

"Wifi, humu mna kumbukumbu za hospitali kadhaa," alimwambia asubuhi hiyo, mikono kiunoni. "Ukiniunguzia seva, hata kaka yangu hatakuokoa."

"Joto likifika nyuzi ishirini na nane, washa mashine zako. Sitakuzuia."

"Nitawasha, nawe utanisikia."

Walianza. Mashine za maji zikanyamaza, ukabaki mvumo wa feni. Joto lilipanda kidogo, likatulia. Hadi jua la mchana lilipochoma mabati, skrini ilikuwa bado imetulia vilevile. Mhandisi akashusha pumzi. Wifi yake aliendelea kuikodolea macho skrini kama mtu aliyeinjika maziwa jikoni.

Ndipo harufu ikaja.

Ng'ambo ya ukuta mtu alikuwa amechoma lundo la takataka, na upepo ulisukuma moshi moja kwa moja kwenye matundu ya hewa. Ungefika kwenye ving'ora vya moshi darini, ukumbi mzima ungejizima wenyewe. Mhandisi alitimua mbio, akayafunga matundu yote huku macho yakimtoka machozi. Meneja naye akatoka na walinzi kwenda kuuzima moto.

Hewa ikasimama. Joto lililokuwa limelala likaamka. Ishirini na sita. Ishirini na nane.

"Nawasha," wifi akasema, akabonyeza.

"Zinahitaji nusu saa ndipo zipoze," mhandisi alisema kwa sauti ndogo. "Likifika thelathini na mbili, seva zinajizima."

"Sasa uliniambia niwashe nini? Mapambo?"

Mhandisi alikuwa amepigia hesabu jua, vumbi na mvua. Moshi hakuupigia.

"Zima yale makabati ya nyuma," alisema mwishowe. "Zile seva ambazo kila idara inasema si zake."

Hilo walikuwa wameligombania mara nyingi, hata mbele ya mama mkwe. Seva hizo zilikula umeme usiku na mchana, hakuna aliyejua zinafanya kazi gani, wala aliyethubutu kuzigusa.

"Na kama mojawapo inamhudumia mgonjwa?"

"Sijui."

"Hujui!"

"Sijui, wifi. Ila zikizimika zote, watakaoumia ni wengi."

Wifi alimtazama, akaenda nyuma, akaanza kuzima. Taa za kijani zikafa moja baada ya nyingine. Thelathini. Thelathini na moja. Joto likasita hapo.

Simu ikalia. Daktari wa hospitali mojawapo alikuwa anafoka: mgonjwa yuko mezani, tayari kupasuliwa, na picha zake zimetoweka kwenye skrini.

"Ni ipi?" wifi akapiga kelele katikati ya makabati. "Ni ipi kati ya hizi?"

"Washa mojamoja!" Mhandisi aliing'ang'ania simu sikioni. "Daktari, usikate. Zimerudi?"

"Bado."

Wifi akawasha nyingine.

"Bado! Nyie watu mna akili kweli?"

Nyingine.

"Zimerudi." Simu ikakatwa.

Wifi aliketi sakafuni. Seva zilizobaki zimezimwa hazikuuliziwa na mtu yeyote, na mashine za maji ziliposhika kasi, joto likaanza kushuka taratibu. Moto wa nje ulipozimwa, na upepo ukasafisha moshi, mhandisi akafungua matundu. Hewa ikaingia. Wifi akainuka, akaenda kwenye mashine za maji, akazizima kwa mkono wake.

Meneja alitoa ruhusa jaribio liendelee, kwa sharti kwamba matundu yawekewe milango inayojifunga yenyewe moshi unapotokea. Mhandisi aliitikia bila furaha. Sauti ya daktari ilikuwa bado masikioni mwake.

"Kesho nitaenda kumwomba radhi," alisema walipokuwa wakivaa viatu vyao mlangoni mwa ukumbi.

"Tutaenda," wifi akajibu. "Mkono uliozima ni wangu."