Mkono Ndani ya Mwamba

Watu wa bonde letu wakienda kuhiji Mwamba Mwekundu huanza kuimba tangu darajani, na wakichoka kuimba hutaniana mpaka juu. Safari ile hakuna aliyeimba. Zilisikika nyayo tu kwenye changarawe, na jirani yetu Choizom nyuma akikohoa kikohozi kisichokuwa na ugonjwa.

Mjukuu wangu Dema nilimfunga mgongoni kwa shali ya sufu, amelala, mdomo wazi, mate yakinilowesha shingo. Mbele yangu alitembea mama yake, Yudron, mke wa mwanangu. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye mabega mapana, yaliyozoea kubeba kuni na ngano. Kila nikiyatazama mabega yale, nilikumbuka wembamba wa ufa uliokuwa ukimngoja juu.

Kwetu kuna jina ambalo mwanamke akishapewa halimtoki: mtia sumu. Si lazima aonekane na kitu mkononi. Husemwa sumu ile hurithiwa, mama kumpa binti kama anavyompa shanga, na mwenye nayo hana budi kumlisha mtu ili bahati ya yule mtu ihamie kwake. Yudron alitoka kijiji cha bondeni chini, na vijiji vya chini ndivyo vinavyosemwa hivyo siku zote. Alipoolewa kwetu hakuna aliyelitaja. Kisha jirani yetu mzee Nidup akaja kutusaidia kupura ngano, Yudron akammiminia pombe, mzee akanywa, akasifu, akaenda zake. Baridi ilipoisha tumbo lake likavimba na akafa. Macho yake yalikuwa ya manjano tangu mwaka wa nyuma, mimi mwenyewe niliyaona, lakini macho ya manjano hayamtoshi mtu anayetafuta wa kumlaumu.

Choizom ni dada yake Nidup. Hakupiga kelele, wala hakutukana. Alikuja tu siku moja nikamkaribisha chai, akaweka kiganja juu ya kikombe asimiminiwe. Wiki haikupita, kijiji kizima kikawa kinafunika vikombe.

Ndipo kaka zangu wakaamua. Yudron apite kwenye ufa wa Mwamba Mwekundu mbele ya watu. Akipita, midomo ifungwe. Akikwama, arudi kwao, na mtoto abaki na baba yake. Nilimtazama mwanangu Karchung nikitegemea aseme kitu. Akatikisa kichwa kukubali, akainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari.

Njia ya kwenda juu naijua tangu nikiwa tumboni. Mtakatifu wetu Guru alipita pale akimfukuza jini jike aliyekuwa akinywa damu ya watoto, na kila alipogusa pamebaki. Kuna jiwe lenye shimo la goti lake, hapo mtu huweka goti lenye maumivu. Kuna bapa jekundu la mwamba, ndilo ini la yule jini, hapo mtu hapiti bila kutema mate. Kuna mvinje uliomea kutoka kwenye fimbo yake, una matawi yanayotazama chini. Karchung alisimama kila mahali akigusisha paji la uso kwenye mawe, akichelewa, kama anayetaka njia iwe ndefu zaidi.

"Mama," Yudron aliniambia tulipofika kwenye mvinje, "nikikwama, Dema usimpe uji wa moto asubuhi. Ana pupa, ataungua."

"Utampa mwenyewe."

"Nasema tu."

"Basi usiseme."

Mlango wa ufa uko upande wa mashariki, na mlinzi wake alikuwa Babu Rinzin, mzee mwenye joho la rangi ya damu ya mzee na meno mawili ya mbele. Alikuwa amekaa juu ya ngozi ya mbuzi, taa ya siagi inawaka pembeni yake.

"Nani anatangulia?" akauliza. "Msiogope. Mwenye duka la barabarani alipita hapa, na tumbo lake mnalijua. Alipoteza vifungo tu."

Hakuna aliyecheka. Babu akatutazama mmoja mmoja, akaelewa kwamba hatukuja kwa baraka.

Yudron akavua mkanda wake, akavua bizimu za mabegani, akafunga nguo kwa mafundo. Choizom akasogea akaanza kumpapasa mabega na mbavu.

"Unatafuta nini, shangazi?" Yudron akauliza.

"Siagi. Isije ikawa mama mkwe wako amekupaka uteleze kama samaki."

"Siagi yetu si mnaiogopa?" nikamwambia. "Nusa vidole vyako kabla hujavilamba."

Akanusa kweli. Kisha akarudi nyuma. "Hana kitu. Aingie."

Babu Rinzin akamweleza Yudron kama anavyoelezwa kila mtu: mkono wa kulia utangulie, kichwa kifuate, jina la Guru lisikauke mdomoni, na asirudi nyuma hata inchi, kwa sababu arudiye nyuma hurudishiwa na mwamba dhambi zake pamoja na za wengine. Yudron akamgusa Dema unyayo. Kisha akaingia kwenye giza, tukaona nyayo zake mbili nyeupe, kisha hatukuziona.

Tukauzunguka mwamba kwa mkono wa kulia mpaka upande wa pili, penye tundu la kutokea. Tundu lenyewe liko kimo cha kifua, na si kubwa kuliko mdomo wa pipa. Mtu wa kawaida hutoka humo kabla chai haijapoa. Tulimsikia akija, nguo ikikwaruza mawe, akiomba kwa sauti ya chini. Kisha mkwaruzo ukakoma.

"Yudron," nikaita.

"Nipo, mama. Ngoja kidogo."

Tukangoja. Mkwaruzo ukaanza, ukakoma tena.

"Mama, nimebanwa kifuani."

Choizom alishusha pumzi. Haikuwa pumzi ya furaha, na hilo nitalisema siku zote, maana alimpenda kaka yake na alitaka kujua. Akasogeza uso kwenye tundu.

"Sema, mwanangu. Unajua desturi. Ukisema, mwamba unakuachia."

Desturi ndivyo ilivyo. Aliyekwama huungama kwa sauti, na wa nje humwombea. Yudron akaanza. Alimtumia mama yake chumvi bila kuniambia. Aliua nyoka kwenye zizi. Aliniita mimi kengele iliyopasuka, siku niliyomkemea kuhusu jibini.

"Hilo nililisikia," nikasema.

"Nisamehe, mama."

"Nimesamehe. Endelea kuja."

"Siwezi."

"Sema la Nidup," Choizom akasema.

Kisha sauti ikaja, fupi fupi, kama ya mtu anayepanda mlima. "Mzee nilimpa pombe. Nikamwongeza. Aliniita binti yangu, nikafurahi, nikamwongeza. Sina lingine."

"Lipo lingine."

"Shangazi, halipo. Mungu wenu na wangu ni mmoja. Siwezi kupumua vizuri."

Karchung alikaa chini. Babu Rinzin akaja akitweta, akaweka sikio kwenye jiwe. Nilimwona anavyosikiliza, nikajua si mzaha tena.

"Anajaza hewa," akasema. "Ameogopa, anavuta hewa haitoi. Kila anapovuta, anabanwa zaidi."

"Basi mtu amvute," nikasema.

Hapo wote wakarudi nyuma hatua, na sababu iko kwenye kisa cha Guru. Yule jini alipokwama ndani ya mwamba huu alilia, na Guru akamwonea huruma. Akampa mkono kutoka upande huu, akamtoa, naye akaapa kuwalinda watu badala ya kuwala. Lakini mkono wa Guru uligeuka mweusi mpaka kwenye bega, kwa sababu dhambi ya yule jini ilipita humo, na maji aliyonawa ndiyo chemchemi ile nyekundu iliyo chini ya njia. Guru aliiweza. Sisi hatuna nguvu hizo. Tangu siku ile ampaye mkono aliyekwama hubeba alichokuwa nacho.

"Karchung," nikaita. "Mke wako yuko humo."

Akainuka, akaja mpaka kwenye tundu, akainua mkono. Mkono ukabaki hewani. "Mama, nikiibeba, itampata Dema. Si inarithiwa? Itatoka kwangu iende kwa Dema."

Sikumkasirikia wakati ule, hakukuwa na nafasi. Nilifungua shali, nikampa mtoto. Dema akaamka, akaanza kulia, na ndani ya mwamba Yudron aliposikia kilio kile alijitupa mbele kwa nguvu, tukasikia mguno uliokatika katikati. Kisha hatukusikia kitu.

Nikatia mkono.

"Lhadon," Choizom akasema nyuma yangu, taratibu kabisa. "Unajua unachokwenda kushika?"

"Nakwenda kumshika mkwe wangu."

Niliingiza mkono mpaka bega, shavu likagusa jiwe, jiwe baridi kama sufuria la asubuhi. Mkono wa kushoto nikaukaza ukingoni mwa tundu. Ndani nilipapasa unyevu, kisha mchanga, kisha kucha. Vidole vyake vilikuwa vimelegea. Nikavibana mpaka vikanibana.

"Acha, mama," akanong'ona.

"Nisikilize. Toa hewa. Unapopuliza moto wa kuni mbichi unafanyaje? Puliza hivyo. Puliza mpaka usibaki na kitu."

"Nitakufa."

"Hufi. Puliza."

Nilisikia pumzi yake ikitoka, ikapita mkononi mwangu, ya moto, ndefu, ikizidi kuwa nyembamba. Ilipokwisha nikavuta. Mimi si mwanamke wa nguvu, lakini nimekamua ng'ombe maisha yangu yote na vidole vyangu haviachii. Mabega yake yakasogea kidogo, jiwe likamkwaruza, akataka kuvuta hewa, nikamkemea, "Bado," nikavuta tena. Mfupa wa bega langu ulilia. Babu Rinzin akanishika kiunoni akaegemea nyuma, na hilo halikuwa kwenye desturi hata kidogo. Kisha mkwe wangu akaja mara moja, kama ndama, kichwa na mabega na nguo iliyochanika, tukaanguka wote watatu kwenye majani.

Alivuta hewa kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Ngozi ya mbavu ilikuwa imechunika. Dema akajipindapinda mikononi mwa baba yake mpaka akaachiwa, akamkimbilia mama yake, akakaa juu ya tumbo lake kama aliyekalia kigoda.

Choizom alisubiri mpaka nimeketi vizuri. Hakuwa mtu wa kukatiza watu.

"Hakupita," akasema. "Ametolewa. Watu wote wameona."

"Wameona," nikakubali.

"Basi makubaliano ni makubaliano."

Karchung alifumba macho. Yudron akamkumbatia mtoto kwa mikono miwili, akanigeukia mimi.

"Babu Rinzin," nikasema, "kisa cha mkono wa Guru ni cha kweli?"

"Nitalinda mwamba miaka yote hii kwa kisa cha uongo?"

"Kwa hiyo alichokuwa nacho huyu, sasa kiko wapi?"

Mzee alinitazama. Aliona ninakokwenda, akasita, kwa sababu alinijua tangu utoto na hakutaka nifike. "Kiko kwako, Lhadon."

"Chote?"

"Chote."

Nikamgeukia Choizom. "Umesikia. Kama alikuwa na sumu, mtia sumu ni mimi sasa. Yeye hana kitu, mwamba umemsafisha na mimi nimechukua. Nirudisheni basi kwetu."

Nyumba ninayokaa aliijenga bibi yangu, akamwachia mama, mama akaniachia mimi. Kaka zangu waliondoka wakaenda kuishi kwa wake zao. Kwetu mimi ni palepale. Mkwe hurudishwa kwao. Mwenye nyumba hurudishwa wapi?

"Ulipanga hivi," Choizom akasema.

"Sikupanga. Nilikuwa namvuta mtu."

"Nitafunika kikombe mbele yako mpaka nife."

"Funika. Mlango wangu haufungwi."

Aliaga kwa heshima, maana tumekua pamoja. Kisha akavua mkanda wake, akazunguka mpaka mlango wa mashariki, akaingia kwenye ufa. Alitoka upande wetu bila hata nywele kuharibika, akajikung'uta vumbi, akasema, "Nimepita," akashuka njia peke yake. Nilimwamini. Hakuwa na kosa mwanamke yule isipokuwa msiba.

Baridi ile ilikuwa ndefu kwangu. Wageni walikuja nyumbani wakamwomba Yudron awamiminie chai, wakainywa na kuisifu, na chai yenyewe nimeipika mimi, siagi nimeisukasuka mimi. Nikisogea na birika, viganja vinafunika vikombe. Yudron alilia jikoni. Nilimwambia aache kulia kwenye unga. Karchung alianza kuamka kabla yangu kuchota maji, akanichotea, na mpaka leo bado ananichotea.

Sasa hivi watu wanapanda Mwamba Mwekundu kutoka mabonde ya mbali, hata kwa magari mpaka darajani. Mwaka huu nilikwenda na Yudron, tukamkuta mama mmoja nisiyemjua akiwaeleza wenzake penye tundu la kutokea. Kwenye ukingo kuna kishimo chenye vidole vinne. Aliwaambia ni alama ya mkono wa mwanamke wa mbinguni, aliyeshuka akamtoa mwenye dhambi humo, na jiwe likalainika kama jibini. Wakapanga foleni watie vidole. Kishimo kimekuwa cheusi kwa siagi wanayokipaka.

Kama kilikuwepo kabla yangu, sijui. Nilikuwa nimefumba macho.

"Waambie, mama," Yudron akaninong'oneza.

"Niwaambie nini? Wakijua ni mimi watanawa mikono."

Alicheka mpaka akashika mbavu, na mtu wa mwisho kwenye foleni akatugeukia akatuuliza kama tunapanga foleni au tunapiga soga tu. Tukapanga foleni.