Meza ya Kushoto

Nilimaliza mstari wangu upande wa kulia, nikafunga mdomo, nikaanza kutembea. Kanisa letu si kubwa, lakini kwa magoti yangu ni safari. Nilipofika kwenye meza ya kushoto, ile ya vitabu vya nyimbo, nilivuta pumzi, nikaujibu ule mstari kana kwamba mimi ni mtu mwingine. Kisha nikarudi kulia.

Ndivyo ilivyokuwa tangu Jumatatu Kuu. Nyimbo zetu huongozwa na waimbishaji wawili, mmoja kila upande, huyu anaanza, yule anajibu. Asimakis, mwimbishaji wa kushoto, alikuwa amejifungia nyumbani. Masikio yake yamezeeka. Jumapili ya Matawi aliingia na sauti ya chini kuliko yangu, vijana wakacheka, naye akavua joho, akaliacha juu ya meza, akatoka.

"Ijumaa utafanyaje?" Padri Nektarios aliniuliza baada ya ibada ya asubuhi, Jumatano. "Maombolezo ya maziko ya Bwana hayaimbwi na mtu anayekimbia huku na huku. Utaonekana kama mhudumu wa mkahawa."

"Nitamwita Asimakis."

"Akikataa, mpwa wangu anazo nyimbo zote kwenye simu. Tutaweka spika pale kushoto."

Niliiwaza ile spika nikipanda mlima mzima, mpaka kwa Asimakis. Mkewe, Evanthia, alinifungulia mlango.

"Ingia, Stratis. Labda wewe atakusikia. Mimi nikimwambia atoe takataka ni kiziwi, ila nikifungua mtungi wa zeituni masikio yanazibuka."

Asimakis alikuwa dirishani. "Umekuja kunicheka?"

"Nimechoka, bwana. Nikicheka nitaanguka."

"Naambiwa unaimba pande zote mbili. Tamaa hiyo!"

"Sina raha nayo. Rudi."

"Nikisimama pale sikusikii. Nauona mdomo wako unafunguka kama wa samaki, basi. Nikikosea Ijumaa watacheka mbele ya lile jeneza la maua la Bwana. Afadhali nisionekane."

"Na hapa unanisikia?"

"Hapa unanipigia kelele puani."

"Basi usimame karibu nami, kule kulia."

Alinikazia macho. "Baba yangu alisimama kushoto. Babu yangu, kushoto. Leo mimi nihamie kulia? Bora hiyo spika ya padri. Ndiyo, habari zimeshafika."

Evanthia alileta kahawa. Mimi hufikiri polepole, kwa hiyo niliinywa mpaka kwenye mashapo.

"Wewe usihame," nikasema. "Tuihamishe meza. Itabaki kushoto, ila isogee katikati. Ijumaa jeneza likiwekwa pale kati, ndilo pekee litakalotutenganisha."

"Ile meza inamshinda punda. Utaisukuma na mgongo huo?"

"Na wako."

Hakusema atakuja. Lakini alasiri, nilipokuwa nimeiinamia meza peke yangu, nilisikia mtu akikohoa nyuma yangu. Evanthia alikuwa naye, amebeba magunia ya kuweka chini ya miguu ya meza isikwaruze sakafu.

"Nimekuja kuangalia msiivunje," Asimakis alisema.

Tulisukuma. Evanthia alituamrisha. "Kushoto kidogo!"

"Kushoto kwake au kwangu?" nikauliza.

"Kwa mwenye akili!"

Nusu ya njia mgongo wangu ulikataa. Asimakis alikaa chini, akaegemea meza ya babu yake, uso umemwiva. Kengele ya jioni ikalia, watu wakaanza kuingia, wakaizunguka meza iliyosimama njiani kama gari bovu. Padri aliitazama, akatutazama, akaenda kuvaa mavazi ya ibada.

Nilikwenda mahali pangu nikaimba mstari wa kwanza. Nikafunga mdomo, nikaanza kutembea.

Pale katikati sauti ilijibu. Ilianza chini kidogo, ikanitafuta, ikanipata. Asimakis hakuwa amevaa joho, na mkono mmoja bado aliubana kiunoni. Jioni ile hakuna aliyecheka, ingawa Ijumaa kanisa lingejaa, na vijana wangekuwepo.

Niligeuka nikarudi kwenye nafasi yangu. Meza tungeimalizia kesho.