Bamba la Kifuani

Saa mbili asubuhi fundi alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya karakana, akigonga vipande vya mashine kuukuu kimoja kimoja kwa nyundo ndogo na kuvisikiliza. Ndivyo alivyofanya kazi siku zote. Aliacha shule darasa la sita akaanza na mageti na grili za madirisha, kisha akatengeneza sanamu za samaki kwa springi za gari kwa ajili ya hoteli. Siku hizi watu walimwita msanii. Hakulipenda jina hilo, ingawa angalau msanii haulizwi kila jioni geti litakuwa tayari lini.

Masharti yake yalikuwa mawili: hapaki rangi, na hagusi chuma kipya. Chuma kipya hakina la kusema. Kilichofanya kazi hubaki na maneno kiliyoyasikia, na ukikigonga unayapata. Fremu ya baiskeli ilisema "Pisha!" Kitanda cha hospitali kiliomba maji. Wateja walilijua hilo, na baadhi yao walitaka kusikia kwanza ndipo wachague.

Safari hii kiwanda cha sufuria kilitaka sanamu ya mfanyakazi isimame langoni, itokane na mashine ya zamani ya kukandamiza bati. Mashine hiyo ndiyo iliyomuua mdogo wake mwaka juzi. Ripoti ya kiwanda ilisema marehemu alikuwa akisinzia na hakupiga kelele yoyote, kwa hiyo kosa ni lake. Shuleni watoto wake waliitwa wana wa Sinzia. Fundi aliikubali kazi kwa sababu hiyo tu.

Bamba la tisa lilisema: "Zima, bosi! Zima! Mkono!"

Alikuwa mdogo wake, na kithembe chake. Kisha ikaja sauti nyingine: "Ngoja, zimebaki arobaini tu."

Fundi aliweka nyundo chini. Akamwita shemeji yake, mjane wa marehemu, na meneja wa kiwanda, ambaye mwaka juzi alikuwa msimamizi wa zamu. Walipofika aligonga tena.

"Ni yeye," shemeji alisema. "Hata akitaka chumvi aliita hivyo hivyo."

"Na wa pili ni mimi," meneja alisema. "Nilikuwa na mafua siku ile."

"Basi badilisha ripoti," fundi alisema.

"Mzee wangu, ripoti ina muhuri. Bamba litasaini kwa mkono gani?"

Fundi aliiokota nyundo. Meneja aliitazama, akasogea nyuma hatua moja, akajigonga kwenye meza ya kazi.

"Lifiche mgongoni, ulizibe kwa mpira," meneja alisema.

"Sizibi kitu. Litakaa kifuani."

"Basi nitampa kazi fundi mwingine. Yeye atayeyusha vyote."

Fundi alimgeukia shemeji yake.

"Gombania kifua, shemeji," mjane alisema taratibu. "Ripoti achana nayo. Wakiliyeyusha hilo, hata wa kuita hatuna."

Meneja alitoa futi ya mkanda, akapima bamba, akaandika.

"Kifuani, sawa. Ila sanamu itatabasamu."

"Haina mdomo," fundi alisema. "Wa nini?"

Ilisimamishwa Jumatatu. Mvua ikinyesha, matone yaligonga kifua na mdogo wake akaita, na sauti ya meneja ikajibu, mpaka mvua ilipokatika. Mjane alikuja mara mbili tatu na mwavuli, akasikiliza, akaenda zake. Walinzi walizoea upesi. Ripoti ilibaki kwenye faili lake.

Mwezi wa pili aliajiriwa mama mmoja kwenye mashine mpya. Ilinyesha asubuhi yake ya kwanza. Alisikia "Zima! Mkono!" kupitia dirishani, akakibonyeza kitufe chekundu kwa kiganja kizima. Kiwanda chote kikanyamaza. Wenzake waliinua mikono wakaitazama. Ilikuwa salama.

Kabla ya saa sita aliletewa barua ya onyo yenye muhuri: amesimamisha uzalishaji bila sababu.

"Lakini mtu ameita," alisema. "Nyote mmesikia."

"Tumesikia," mwenzake alisema, akiiwasha mashine. "Huyo hahesabiwi."