Msumari wa Nyumbu

Bassou alikuwa amemkanya mama yake mapema. Alifungua kijaluba cha plastiki, akamwonyesha betri mbili za akiba za taa yake ya kichwani, kila moja imelala peke yake.

"Unaona, mama? Kila moja ina kitanda chake. Usizitoe, usizichanganye na kitu."

"Kwani watoto hao, walale mbalimbali?" Itto akamtania.

"Wakikutana na chuma wanagombana. Tena ugomvi wao ni moto."

Itto alicheka, maneno yakapita kama upepo wa mlangoni. Moyoni alikuwa na jambo lake. Mwanawe anaingia kesho chini ya ardhi kuzibua khettara, ule mfereji wa mababu unaoleta maji mitendeni, na mumewe Hddu aliingia humohumo akatolewa akiwa maiti. Udongo ulimfunika. Watu walisema ni udongo tu. Itto alijua kwamba siku ile Hddu alitoka nyumbani bila chumvi wala chuma mfukoni, na wenye maji, wale tusiowataja, hawapendi mtu awaingilie mikono mitupu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Bassou hakutaka hirizi. "Mimi sichimbi na msumari wa nyumbu mfukoni, mama. Wenzangu watanicheka mpaka Idi."

Basi alfajiri, kijana alipokuwa akitawadha, Itto aliichukua suruali yake ya kazi. Alifunga chumvi ya mawe na msumari wa kwato ya nyumbu katika kitambaa. Mfuko wa pajani, mlimokuwa na kijaluba cha betri, ulikuwa mwembamba. Kijaluba na hirizi havikuingia pamoja. Akazitoa betri, akazifunga na hirizi katika kitambaa kimoja, akavisukuma ndani na kufunga kifungo. Akaupapasa mfuko kwa nje. Uzito ulikuwa uleule. Kijaluba kitupu akakiweka rafuni, nyuma ya birika.

Bassou alikunywa chai ya nanaa, akambusu mama yake kichwani, akaenda.

Jua lilikuwa limepanda kidogo Tuda, jirani yake, alipokuja kuazima chekecheke. Itto alikuwa akikanda unga. Tuda si mtu wa kuazima kitu akaondoka, alikaa.

"Mkwe wangu katuaibisha sokoni," akaanza. "Kaweka betri ya tochi mfuko mmoja na funguo za nyumba. Suruali ikawaka, dada. Akaivua mbele ya wauza mbuzi. Wameona ambacho mimi mama mkwe sijakiona, wala sikitaki."

"Funguo ndizo zilizowaka?"

"Funguo zinawakaje? Betri. Chuma kikiigusa huku na huku, inachemka yenyewe kama chungu. Paja lake sasa kama nyama ya mshikaki, na... Itto, mbona umeacha kukanda?"

Itto alikuwa akitazama rafu, nyuma ya birika.

Alitoka na unga mikononi, bila kiatu kimoja, Tuda akimwita nyuma. Njia ya kwenda kwenye visima vya kushukia khettara ni changarawe tupu, na miguu yake ilikuwa na umri wake. Alikwenda hivyo hivyo, akiomba, akijilaani, akiomba tena.

Mdomoni mwa kisima wanaume watatu walikuwa wakivuta ndoo ya tope. Mkubwa wao Zaid, msimamizi wa maji, alimwona.

"Lalla Itto, umetuletea mkate au unga?"

"Mtoe mwanangu."

"Ndiyo kwanza kaingia. Mwache akue, mama, ana ndevu huyo."

Wenzake wakacheka. Itto alijua kwamba akitaja hirizi, Bassou atatembea na kicheko hicho kijijini miaka yote. Alijua pia kuna kicheko na kuna jeneza.

"Nimemwekea msumari mfukoni," akasema. "Na chumvi. Nimezitoa betri kwenye kijaluba chake nikazifunga pamoja. Zitawaka, naye yumo shimoni. Mvuteni."

Hakuna aliyecheka tena. Zaid aliivuta kamba mara tatu, alama ya toka. Kamba ikakaa kimya. Akavuta tena. Itto alikuwa amepiga magoti, uso juu ya shimo, akinusa hewa ya tope. Kisha kamba ikatikisika toka chini.

Walimwona chini kisimani akitokea kwenye duara dogo la mwanga, akitambaa, akishika paja. "Mfuko unaniunguza," akapaza sauti, na moshi mweupe ukapanda mbele yake. Akachana suruali kwa mikono, akakitupa kile kifurushi nyuma yake ndani ya handaki. Kilitoa mlio kama paka aliyekanyagwa. Moshi ukalijaza handaki lote, pale alipokuwa amelala kifudifudi muda mfupi uliopita.

Walimvuta juu akikohoa, chupi imelowa tope, ngozi ya paja imebabuka. Zaid alimfunika kwa juba lake. Bassou alimtazama mama yake, akaitazama mikono yake yenye unga uliokauka. Itto angependa amtukane.

Mganga wa zahanati alimfunga dawa, akamkataza kazi. Jioni Itto alipika supu ya dengu, akamtengea, akakaa mbali naye karibu na mlango. Bassou alikunywa kijiko kimoja, akanywa cha pili.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Supu haina chumvi."

Chumvi ilikuwa rafuni, kando ya kijaluba kitupu. Itto aliinyooshea mkono, akaushusha.

"Njoo uchukue mwenyewe," akasema. "Mimi sikuwekei tena."

Bassou akainuka, akichechemea, akaja.