Isale la Bwana Zhou

Theopista alishapokea wageni wa kila namna pale Kibosho, Kilimanjaro: askofu, wakaguzi wa kahawa, hata Mjerumani mmoja aliyekuja kupima kivuli cha migomba. Mchina hakuwahi, na tangu alfajiri udadisi ulikuwa unamwasha. Watu wale wanakunywa chai, kila mtu anajua. Sasa kahawa wanaitakia nini?

Lakini yeye ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, na alikuwa na shida kubwa kuliko udadisi: mzee Ildefonce. Misimu miwili nyuma, wanunuzi binafsi walipokuwa wanapishana vijijini kama kumbikumbi, kampuni moja kutoka huko huko China iliahidi kuchukua kahawa yao yote. Watu wakaiweka, wakangoja. Hakuja mtu. Kahawa ikapauka stoo, ikaishia kwa bei ya kutupa. Ildefonce, aliyeweka nyingi kuliko wote, akaapa kwamba punje yake haiendi China tena. Na bila kahawa yake mzigo haukutosha kusafirishwa. Wageni wangegeuza gari tu, wakaenda kwa majirani.

Bwana Zhou akashuka garini, afisa aliyetumwa na ofisi ya biashara ya serikali yake kutafuta kahawa, suti nyeusi na viatu visivyojua matope. Alifuatana na mkalimani, Bi Lin, msichana aliyejifunza Kiswahili Dar es Salaam. Bi Lin akaanza kwa "Shikamooni wazee," na akinamama wakamwitikia kwa vicheko. Zhou akamnyooshea Ildefonce mkono. Mzee akauficha wake nyuma ya mgongo.

"Mwambie mimi siwapi mkono waongo."

Bi Lin akatafsiri kitu kifupi sana, ambacho bila shaka hakikuwa hicho, maana Zhou alitabasamu.

Wakatembezwa shambani. Zhou aliuliza yote: mfereji unaanzia wapi, kwa nini kahawa ikae chini ya migomba. Theopista naye akauliza lake, akajibiwa kwamba siku hizi vijana wa mijini kwao wamechoshwa na chai ya baba zao. Jibu hilo lilimfurahisha. Kumbe vijana ni wale wale kila mahali.

Kwenye mpaka wa shamba la Ildefonce, Zhou akasimama mbele ya ua wa masale, mimea ya majani marefu wanayopandia mipaka, macho yakamng'aa. Akakata tawi moja lenye majani mabichi, akamgeukia Ildefonce, akainama, akampa kwa mikono miwili.

Kwa Wachaga, ukimpelekea mtu uliyemkosea isale, tawi la mmea huo, umemwomba msamaha, naye hana ruhusa ya kukataa, hata kosa liwe la damu. Ildefonce aliliangalia lile tawi, akaiangalia ile suti. Akapokea.

"Yamekwisha!" mkewe, Zita, akapaza sauti, akakimbilia ndani kuleta mbege, pombe ya ndizi.

Theopista alitaka kuruka kwa furaha. Udadisi ukamkataza. Akamvuta Bi Lin pembeni.

"Nani kamfundisha mambo ya isale?"

"Isale ndiyo nini, mama? Kwetu kuna mmea unaofanana na huu. Mtu akifungua biashara tunampelekea, apate bahati."

Theopista akajiuliza la kufanya. Anyamaze? Mzigo ungejaa, gari lingeondoka, na mzee angekuwa amewasamehe watu ambao hata hawajui wamesamehewa. Aliona aibu kwa kuliwaza tu. Akamweleza Bi Lin kila kitu, Bi Lin akamweleza bosi wake, na Zhou akaanza kutokwa jasho.

"Anasema hana mamlaka ya kuomba radhi kwa niaba ya kampuni yoyote," Bi Lin akasema kwa sauti ya chini. "Anaomba arudishiwe."

"Isale halirudishwi, mwanangu."

Theopista akamwendea mzee mwenyewe, akamwambia ukweli wote bila kupunguza.

"Kwa hiyo hajaomba," Ildefonce akasema.

"Hajaomba, baba."

"Wala hakujua tulichofanyiwa."

"Amejua sasa hivi."

Theopista akangoja matusi. Mzee akaenda kwenye ua wa masale, akakata tawi jingine, akarudi hadi mbele ya Zhou.

"Binti, tafsiri, na safari hii usinipunguzie. Asubuhi nilimwita mwongo mtu ambaye hajanikosea. Namwomba msamaha."

Bi Lin akatafsiri yote. Zhou akayatazama yale majani, na safari hii alijua vizuri ni kitu gani anapewa. Angeweza kutaja mamlaka tena. Akanyoosha mikono yote miwili, akapokea. Kisha akasema maneno machache, polepole, akimtazama Ildefonce badala ya mkalimani wake.

"Anasema ile kampuni iliwakosea," Bi Lin akasema, "na yeye anaona aibu. Ila hayo ni maneno yake mwenyewe, si ya ofisi."

"Kwani isale nimeipa ofisi?" Ildefonce akasema. Akamshika Zhou mkono, akamvuta kuelekea stoo, akamwoneshe kahawa.