Sahihi ya Kwenda Kampala

Nilikuwa nimeifumua zipu ya zamani ya begi letu hadi katikati Nasike alipofika ukurasa wa Siku ya Pili kwenye daftari la safari.

"Saa moja, kuamka," alisoma. "Saa moja na nusu, chai. Mathe, umeandika mpaka chai."

"Chai isipoandikwa inakula asubuhi yote."

"Saa tatu, makumbusho, kwa miguu. Saa sita, chakula, mahali pasafi. Saa saba, soko la Owino, kuangalia mabegi." Aliliweka daftari mapajani. "Yaani tutoke Nairobi, tuvuke border, tukaangalie mabegi."

"Kidogo tu."

"Umeandika masaa mawili."

Nilikata uzi mwingine kwa wembe nikauvuta. Mshono wa begi haufumuliwi kwa haraka. Ukivuta kwa hasira, kitambaa kinachanika, na zipu mpya haipati pa kushika.

Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa, mwezi wa nane, mwaka wa tisini na sita. Tulikuwa mlangoni kwetu, mtaa wa Kambi Muru, mimi kwenye kigoda, binti yangu kwenye kizingiti, miguu yake mirefu imefika karibu na mtaro. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Shule zilikuwa zimefungwa, na Alhamisi ya wiki iliyofuata tulikuwa twende Kampala siku tatu, mimi na yeye, kutembea.

Kazi yangu ni kushona mabegi. Kila asubuhi natembea hadi Kawangware, kwenye baraza ya duka moja, na hapo nina cherehani, makopo ya vichwa vya zipu, na kamba za kila rangi. Hakuna aliyenifundisha. Nilinunua begi bovu, nikalifumua lote, nikalishona tena, nikajua. Nasike alipokuwa mdogo nilikuwa nakwenda naye. Alikuwa akikaa chini ya meza akiuliza kila begi linakwenda wapi. Kisumu, namwambia. Mbale. Kampala. Siku moja akauliza, "Na sisi?" Nikamwambia tutakwenda Kampala akifika kidato cha pili. Wakati huo kidato cha pili kilikuwa mbali kuliko Kampala yenyewe. Yeye hakusahau, na mimi niliandika.

Habari za Kampala nilizipata kwa Wangoi, mteja wangu anayeleta nguo kutoka huko. Alinipa jina la nyumba ya wageni inayosimamiwa na mama mlokole, akanieleza mahali pa kushuka na mahali pa kutoshuka. Vyote viko kwenye daftari. Karatasi za kusafiria nazo zilikuwa na ukurasa wao. Fomu ya mtoto ilikuwa na mahali pa sahihi ya baba. Karani wa uhamiaji aliyenipa alinieleza taratibu: baba asaini hapa, na kama baba hayupo, niende kwa chifu aniandikie barua kwamba mimi ndiye ninayemlea mtoto peke yangu.

Nilimwambia baba yupo.

Yupo Bukembe, nyumbani. Kiwanda cha Industrial Area kilipopunguza watu, Wepukhulu, mume wangu, alisema anakwenda kuangalia shamba, atarudi baada ya mwezi. Huo ulikuwa mwezi wa pili wa mwaka uliotangulia, Nasike akianza kidato cha kwanza. Shamba liliendelea kuangaliwa. Baadaye nilisikia ana nyumba nyingine huko. Sikuuliza. Mtu anayeleta maneno haleti yote, na mimi sikutaka nusu.

Lakini nilikuwa na jambo moja mkononi. Kila muhula ukiisha, nilikuwa naweka ripoti ya Nasike kwenye bahasha na kumtuma stendi ya mabasi ya mashambani. Anampa kondakta wa basi linalopita Bukembe, kondakta anaiacha dukani kwa Wanzala, baba yake anaichukua, anasaini, anairudisha kwa njia hiyo hiyo. Ripoti tano zilikwenda, tano zikarudi, na zote zina ile W yake yenye mkia kama ndoano. Hela hakuleta. Barua hakuandika. Ila alisaini. Kwa hiyo fomu ya Kampala ilipokuja, niliituma vilevile, na Ijumaa ikarudi imesainiwa.

Akeyo, jirani yetu anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, alikuja kuazima ungo. Aliliona begi na daftari, akasimama, mkono kiunoni.

"Mama Nasike, ni kweli mnasafiri?"

"Kweli."

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi ni harusi."

"Hakuna harusi. Tunakwenda kutembea."

Akeyo alimtazama Nasike, kisha mimi. "Kutembea Kampala. Mna mtu huko?"

"Hatuna."

"Hamna mtu, hakuna maiti, hakuna harusi. Mtakaa kwenye basi usiku mzima mwende kuangalia nyumba za watu? Nyumba si ziko hapa, njoo uangalie yangu, paa inavuja."

"Ya kwako tumeiona, Mama Okoth," Nasike alisema. "Kiingilio ni kuchota maji."

Akeyo alicheka akampiga begani kwa ungo. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini kidogo lakini si ya chini vya kutosha, "Na mwenyewe amekubali? Yule wa Bukembe?"

"Amesaini," nilisema. "Ijumaa imerudi. Mimi nawaambia kila siku, mtu asimhukumu mwenzake haraka. Yule si mtu aliyetupa mtoto wake. Ripoti zote amesaini, hakuna hata moja aliyoikosa."

"Haya. Wino si unga, lakini haya." Akaondoka na ungo.

Nasike alikuwa ameinama juu ya daftari. Nilidhani anasoma.

Nilikuwa na jambo la kumwambia, na niliona huo ndio wakati. "Fungua ukurasa wa basi," nikasema. "Kata pale nilipoandika basi la usiku. Andika basi la saa moja asubuhi."

"Kwa nini?"

Ukweli ni kwamba basi la usiku nililichagua kwa sababu ya Bukembe. Barabara ya Kampala inapita hapo hapo nyumbani. Ukiwa upande wa kushoto unaiona mikaratusi mitatu na paa la baba mkwe. Kwetu, mtu hapiti mlangoni kwa watu wake kama mgeni. Na ukishuka, siku tatu zako zimekwisha hapo: utapewa kuku, utapewa jembe, utaulizwa mbona mtoto amekonda. Basi la usiku linapita saa kumi alfajiri, na mtu aliyelala hajapita kwa mtu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimejiambia.

"Nimefikiri," nilimwambia. "Mtu ambaye amesaini karatasi zako zote, hata hii, hatuwezi kumpita gizani kama wezi. Wakati wa kurudi tutashuka. Usiku mmoja tu. Umshukuru mwenyewe kwa mdomo wako."

Nasike hakuandika. Alifunga daftari, akaweka kalamu juu yake, akailaza sawasawa na ukingo wa jalada.

"Hatuwezi kushuka," alisema.

"Najua una uchungu."

"Si uchungu. Hatuwezi kumshukuru. Hatajua shukrani ni za nini."

Nilingoja. Nimejifunza kwa wateja kwamba mtu akinyamaza ukamsubiri, atakuambia mwenyewe alivyoliharibu begi.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Nasaini mimi. Hiyo fomu, ni mimi. Ripoti pia."

Wembe ulikuwa bado kwenye mshono. Niliutoa, nikaufunga kwenye karatasi yake. "Zote?"

"Zote. Ya kwanza niliituma, nakuapia. Nilimpa kondakta, ikakaa wiki tatu, shule zikafunguliwa. Jumamosi moja kondakta akanirudishia. Bahasha ilikuwa imefunguliwa."

"Na?"

"Ripoti ilikuwa ndani. Imekunjwa vizuri. Hakuna kitu ameandika."

Nilitazama mtaro. "Labda hakuwa na kalamu," nikasema.

"Mathe."

"Watu wa shamba hawatembei na kalamu."

"Mathe, ni dukani. Kwa Wanzala kalamu zimening'inizwa mlangoni."

Kalamu hizo nimeziona mwenyewe.

"Ulikuwa unaningoja hapo mlangoni," aliendelea, na sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, kama anayesoma daftari. "Ungeniuliza, amesaini? Nikaingia choo cha kina Obonyo hapo jirani nikasaini. Nilikuwa na barua yake ya zamani, nikaiga. Nikakupa. Ukaipeleka mpaka kwa Mama Okoth ukamwonyesha. Wiki hiyo uliimba ukipika. Muhula uliofuata singeweza kutuma tena. Kama angeirudisha tupu mara ya pili je? Na kama angesaini, hiyo W yake si ingekuwa tofauti na yangu?"

Nilikumbuka wiki hiyo. Sikukumbuka kuimba.

Kuna vitu viwili vilinijia pamoja, na nilitaka kuvitenganisha kabla sijafungua mdomo. Kimoja ni kwamba mtoto wangu amenidanganya mwaka na nusu. Kingine ni kwamba mwaka na nusu huo alikuwa ameshika kitu kizito peke yake ili mimi nisikishike. Nikivuta kwa hasira, vitachanika vyote viwili. Nikaingia ndani nikaitoa fomu kwenye kopo la karatasi. Niliitazama ile W. Mkia wake ulikuwa mzuri kuliko wa mwenyewe. Wepukhulu huwa anaukata mwishoni, kama mtu aliyeitwa ghafla. Huu ulikuwa umemalizwa.

"Hii hatuwezi kuipeleka," nilisema niliporudi.

"Karani hatajua."

"Mimi nitajua. Na wewe. Tukifika mpakani utakuwa umeishikilia hiyo, badala ya kuangalia."

"Basi hatuendi." Alisema bila kunitazama. "Kwa sababu hatasaini. Ama atasaini, na hiyo ndiyo mbaya zaidi."

"Mbaya vipi?"

"Itakuwa alikuwa anaweza siku zote."

Akeyo alipita tena mbele yetu na ungo, akaona nyuso zetu, akaenda bila neno. Hilo si jambo dogo kwa Akeyo.

Nilikaa. Nilifikiria barua ya chifu. Tangu siku ile kwa karani nilikuwa nimeizunguka barua hiyo kama mtu anavyozunguka shimo analolijua. Si kwamba ni ngumu kuipata. Unapanga foleni, unaeleza, unaandikiwa. Lakini lazima useme kwa mdomo wako, mbele ya watu wa foleni: namlea peke yangu. Mwaka na nusu nilikuwa na ripoti tano za kunizuia kusema hivyo. Sasa nilikuwa nimekaa nazo, na kumbe zote zilikuwa maandishi ya mtoto.

"Andika," nilimwambia Nasike.

"Niandike nini?"

"Ukurasa wa kesho. Saa mbili, kwa chifu. Barua."

Aliinua uso. "Barua gani?"

"Kwamba ni mimi ninayekulea."

"Peke yako?"

"Andika peke yangu. Ndivyo inavyotakiwa."

Aliandika. Aliandika kwa mwandiko wake mwenyewe, mdogo, ulioinama. Kisha akauliza kama nitahitaji kusaini, nikasema nadhani, akanipa daftari nijaribu. Niliandika jina langu lote, herufi moja moja.

"Hilo ni jina, mathe. Si sahihi."

"Tofauti ni nini?"

"Sahihi unafanya kama huna wakati." Alinionyesha. Nilijaribu tena, ikatoka kama uzi uliofumuka, akacheka kidogo, mkono kwenye mdomo. Nilimwacha acheke. Kisha nikamwambia kwamba jambo la ripoti halijaisha. Muhula ukianza tutakwenda kwa mwalimu wake, mimi na yeye, na ataeleza mwenyewe. Akasema ndiyo, bila ubishi.

"Na basi?" aliuliza baadaye, zipu ya zamani ikiwa imetoka na mpya nikiwa nimeanza kuishona. "Nirudishe la usiku?"

Nilikuwa nimeliinua begi kutazama kama mshono umenyooka. "Wewe unataka lipi?"

Aliweka kidole kwenye ukurasa wa basi.

"La asubuhi," alisema. "Tukae kushoto."

"Hatutashuka."

"Najua. Nataka tu kuona tukipita."

"Tutafika Kampala usiku. Itabidi ile siku ya kwanza yote ipangwe upya."

"Si tupange."

Alifungua ukurasa mpya, akaandika Siku ya Kwanza, akapiga mstari chini yake. Lakini mwanga ulikuwa umeanza kupungua, na kwenye zipu nyeusi macho yangu hayaoni tena ikifika saa kumi na mbili. Nilikuwa nimeishona upande mmoja tu. Upande wa pili ulining'inia wazi, na kichwa cha zipu nilikuwa bado sijakitia. Nilichoma sindano kwenye kitambaa, pale nitakapoanzia, nikazungusha uzi uliobaki ili usijifunge, nikaweka vyote ndani ya begi.

"Masoko ya usiku yako huko?" Nasike aliuliza.

"Sijui. Kesho nikitoka kwa chifu nitamuuliza Wangoi."

Aliliandika hilo pia, chini ya barua: kumuuliza Wangoi.