Ukaguzi wa Gari la Milimani

Jumatatu saa mbili asubuhi gari la wagonjwa la milimani liliingia karakanani kwa ukaguzi wa mwaka, na fundi akamwashiria dereva alisogeze juu ya shimo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa fundi huyu kulikagua. Fundi wa zamani, ambaye sasa alikuwa amestaafu, alikuwa na kawaida ya kusaini bila kufungua boneti. Mlio ulikuwa safi, wa dizeli iliyokomaa, bila kikohozi. Mita ilisoma kilomita laki tisa na elfu kumi na mbili. Dereva alizima, akashuka, akanyoosha mgongo.

"Halijawahi kunilaza njiani, mwanangu," alisema, kama alivyomwambia kila mtu. "Miaka ishirini na miwili."

Fundi alijua. Watu wa milimani walikuwa wameomba wodi ya wazazi mara saba, na mara zote saba ofisi iliwajibu kwamba gari lipo, ni la uhakika, na hospitali iko mwendo wa saa mbili tu. Miezi kumi na moja iliyopita mdogo wake fundi, aliyeolewa huko, alishikwa na uchungu siku ambayo gari lilikuwa limeteremka na mgonjwa mwingine. Gari lilirudi kwa wakati, kama kawaida yake. Mdogo mtu hakulisubiri. Tangu hapo fundi hakuwa akisikia ladha ya chakula. Alikula kwa sababu saa ya kula imefika, na alikaza nati kwa sababu imelegea.

Jambo moja tu alilitaka, nalo alilitaka kimyakimya: aandike kwamba gari halifai. Akishaandika hivyo, ofisi haitakuwa na la kujibu mara ya nane.

Alifungua boneti. Injini haikuwemo.

Palikuwa na betri, rejeta, nyaya zilizofungwa vizuri kwa mipira, na katikati nafasi tupu, kavu, safi kama sakafu iliyopigwa deki. Fundi alimulika tochi akaona mpaka chini ya shimo. Akapitisha mkono. Palikuwa na uvuguvugu, kama kitanda alichokiacha mtu sasa hivi.

"Mzee, injini iko wapi?"

"Haipo."

"Tangu lini?"

Dereva alifikiri. "Huu mwaka wa sita. Siku hiyo nina mama mmoja nyuma, hali yake mbaya, analia. Kwenye ule mlima wa mwisho gari likatetemeka kidogo. Nikashuka, nikafungua, nikakuta ndiyo hivyo. Sasa ningefanyaje, na mtu analia? Nikafunga, nikawasha, likawaka."

"Na dizeli?"

"Linakunywa ile ile."

"Hukumwambia mtu?"

"Niliandika kwenye kitabu cha gari. Nadhani hawasomi."

Fundi alikifungua kitabu. Ilikuwa kweli. Kwa mwandiko wa kupendeza, kati ya taarifa za upepo wa matairi na kioo cha pembeni, dereva alikuwa ameandika: injini haipo, safari imeendelea.

Mkuu wa usafiri aliisoma fomu ya fundi, iliyosema gari halifai, akiwa amesimama, kikombe cha chai mkononi.

"Linatembea?"

"Linatembea."

"Breki?"

"Nzuri."

"Sasa halifai kwa lipi?"

"Halina injini, mkuu."

"Fundi, humu uani kuna magari mangapi yana injini na hayatembei?"

Fundi alitazama dirishani, akahesabu. "Manne."

"Haya. Kalijaribu barabarani, utaratibu ni utaratibu. Ukirudi tumalize."

Walikuwa hawajatoka mjini simu ya dereva ilipoita. Alikuwa shemeji yake fundi, mume wa marehemu mdogo wake, ambaye tangu msiba ndiye aliyejitwika kazi ya kuita gari kwa niaba ya kijiji kizima. Leo kulikuwa na wanawake wawili, na wote uchungu ulikuwa umeanza.

"Kitanda nyuma ni kimoja," dereva alimwambia fundi, akibadili gia. "Na kwa barabara ile mjamzito haketi. Alijaribu mmoja. Hawamzungumzii."

Walipanda. Gari lilivuka makorongo na mawe kwa pumzi moja, na fundi, aliyekuwa amewekwa humo kulipima, aliandika kwamba nguvu inatosha na moshi ni wa kawaida.

Kijijini wakunga walikuwa wameshaamua. Mwenye hali mbaya zaidi, binti wa miaka kumi na tisa, alilazwa kitandani na mama yake akaketi karibu naye. Gari likateremka nao, na fundi akabaki kuwasaidia wakunga kwa wa pili. Huyu alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Alikuwa amejilaza ubavu na rundo la madaftari, akisahihisha kila maumivu yanapompa nafasi.

"Eti dada, wewe ni fundi," alisema. "Ni kweli hilo gari haliharibiki?"

"Ni kweli."

"Basi nitalisubiri." Akavuta daftari jingine.

Saa saba mtoto alitoka, wa kike, mdogo, akalia mara moja tu. Baada yake ilikuja damu. Wakunga walifanya yote wanayoyajua, kisha wakayarudia. Fundi alishika miguu ya mwalimu ikiwa imeinuliwa, kama alivyoelekezwa, na akaendelea kuishika muda mrefu baada ya kuambiwa aiachie.

Gari lilirudi saa tisa kasoro dakika tano, mapema kidogo kuliko lilivyotarajiwa. Halikuwa hata limepata moto. Binti wa asubuhi alikuwa amejifungua salama.

Dereva alivua kofia mbele ya mlango. Halafu akamtazama mtoto, ambaye midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya samawati, kwa kuwa ukungu ulikuwa umeshuka na nyumba ile haikuwa na joto la kumtosha.

"Huyu baridi itamuua," alisema. "Nipeni blanketi."

Alifungua boneti, akatandika blanketi kwenye ile nafasi tupu, akamlaza mtoto na kumziba pande zote kwa nguo za mama yake. Mkunga mmoja alimsogezea kofia ya sufu.

"Ni wa tatu huyu," dereva alimwambia fundi, akifunga boneti polepole kwa viganja viwili. "Wa kwanza anaanza shule mwakani."

Shemeji alipanda nyuma na mume wa mwalimu, maiti ikiwa kitandani. Fundi alikaa mbele. Njia nzima aliweka mkono juu ya dashibodi, na chini ya mkono palinguruma sawasawa, mteremko baada ya mteremko. Hospitalini walipofungua, mtoto alikuwa amelala, mwekundu, usingizi umemnogea. Hakuwa na tone la oili. Muuguzi alimpima, akasema joto lake ni zuri sana, akauliza walitumia mashine gani.

Kesho yake fundi aliandika kila kitu, kurasa tatu, pamoja na jina la mwalimu na saa aliyokata roho. Mkuu wa usafiri alisoma zote. Aliposhika kalamu, kwenye fomu ya ukaguzi, sehemu ya idadi ya abiria, alifuta saba, akaandika nane.

Kabla ya wiki kuisha barua ilikuwa tayari kupanda milimani kujibu ombi la mara ya nane, lililotumwa baada ya mazishi. Ilitoa pole kwa msiba. Ilieleza kwamba gari limekaguliwa na mtaalamu, ni zima, na sasa lina nafasi maalumu ya watoto wachanga yenye joto la kutosha, kwa hiyo wodi haihitajiki kwa sasa. Chini, pembeni ya sahihi ya mkuu, palikuwa na mstari wa sahihi ya mkaguzi.

Fundi aliisoma yote. Hakukuwa na neno hata moja la uongo ndani yake. Alifuta mikono kwenye ovaroli, akasaini.